Wifi Aliyemleta Mwenyewe

Kama Mama Pacha angekuwa na mtu wa kumlaumu, angalau angepata usingizi. Lakini aliyemleta wifi yake pale kazini ni yeye mwenyewe, si mwingine. Alimwombea kwa kinywa chake, akamtetea kwa bosi, akamwazima hata viatu vya kwendea kwenye usaili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia asubuhi ile, huku akimfungia kifungo cha nyuma ya shingo, na wote wawili wakacheka. Mgeni alikuja kweli. Kupona kwa mwenyeji ndiyo habari yetu.

Kampuni ilikuwa ya kusambaza vifaa vya hospitali: glovu, bandeji, mashuka, viti vya magurudumu. Ofisi juu, ghala chini, na katikati ngazi ya chuma iliyolia kila mtu alipokanyaga, hata ukajua nani anapanda kabla hujamwona. Mama Pacha alikuwa dawati la maagizo. Alikaa pale miaka mingi mpaka kiti kikachukua umbo lake. Hospitali ikitaka glovu ilipiga simu, au ilituma ujumbe, au ilimtuma mtu na karatasi, na kila njia ilikuwa na namna yake ya kupotea.

Ndipo bosi, mama mmoja mwenye sauti ndogo asiyerudia neno, akaamua kampuni ijenge mfumo wake wa mtandaoni. Hospitali ifungue kompyuta yake huko iliko, iagize yenyewe, ghala lione, uhasibu uone, na yeye bosi aone wote wanaona. Na utajengwa na watu wa humu humu. Wataalamu wa nje walishakuja mara moja, wakajenga kitu cha kupendeza ambacho ghala lilikikataa kama mtoto anavyokataa dawa. Bosi akaajiri mkufunzi, akatangaza kwamba wafanyakazi watatu watafundishwa kusanifu na kujenga, na mmoja wao, atakayeonekana kufaa, atakuwa kiongozi wa dawati jipya la mfumo. Atapewa chumba chake chenye dirisha la upande wa barabara, na jina lake litabandikwa mlangoni.

Jina mlangoni! Mama Pacha alizaliwa wa tano kwao, akaitwa mdogo wake fulani. Akaolewa, akaitwa mke wa fulani. Akajifungua mapacha, basi hata mama yake mzazi akasahau alimpa jina gani. Alikitaka kile chumba kama mtu anavyotaka maji. Hakumwambia yeyote, lakini alikuwa akipita pale kila siku, mlango ukiwa wazi, akapima kwa macho meza itakaa wapi.

Nafasi ya kwanza alipewa yeye. Ya pili alipewa dereva wa gari la mizigo, ambaye mgongo ulikuwa umemkatalia usukani, nasi tutamwita Dereva kama walivyoendelea kumwita. Ya tatu alipewa mhasibu, akaikataa. Akasema yeye na kompyuta walishaapiana kutosumbuana. Mama Pacha, kwa roho yake njema, ndipo akamkumbuka wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe, aliyekuwa amekaa nyumbani tangu duka lake la kutoa nakala lifungwe. Mwepesi wa mkono, mwepesi wa mdomo, mwepesi wa kucheka. Wiki ya kwanza tu ofisi nzima ilikuwa inamwita Chapuchapu, na wiki ya pili hata hilo likaonekana refu, akawa Chapu.

"Afadhali wifi huyu," Dereva alisema. "Ile wifi nyingine ya ofisi hukatika kila mchana."

Mwanzoni mambo yalimwendea vizuri Mama Pacha. Mkufunzi alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kufuta ubao kwa kiganja. Mwezi wa kwanza aliwakataza kugusa kompyuta. "Mtu anayeanza na kompyuta ni sawa na fundi anayeanza na bati," alisema. Aliwataka washuke ghalani, wasimame kaunta, wawaulize watu: nani anaomba, nani anakubali, nani anatoa, nani anapokea? Kisha wapande juu wachore visanduku na mishale ukutani. Hapo Mama Pacha alikuwa nyumbani kwake. Alijua kwamba hospitali moja huomba kwa jina la nyingine. Alijua kwamba mashuka huombwa kwa dazeni lakini hutolewa kwa bunda. Mkufunzi alikuwa akisimama mbele ya mchoro wake kimya, halafu anasema, "Hapa hakuna mwanya." Neno hilo alikwenda nalo nyumbani kama pete.

Kisha zikaja kompyuta, na Chapu akaota mabawa.

Kitu ambacho Mama Pacha alikielewa baada ya kukisoma asubuhi, akakisoma tena mchana, na kukiota usiku, Chapu alikielewa mkufunzi akiwa bado anavuta pumzi ya kumalizia sentensi. Kurasa, kanzidata inayotunza taarifa, namna ukurasa unavyouliza seva na seva inavyojibu, yote kwake yalikuwa kama umbea: alisikia mara moja, akajua pa kuyapeleka. Mama Pacha alikuwa anapigana na kitufe kimoja kilichogoma kukaa katikati, na upande wa pili wa meza wifi yake ameshamaliza ukurasa mzima, amegeuza kiti, anamchekesha Dereva.

"Haraka haraka haina baraka," Mama Pacha alijisemea.

Lakini baraka zilikuwa zinaonekana. Mzee wa Ghala, msimamizi wa stoo ambaye hakuwa na adabu kwa mtu yeyote, alianza kupanda ngazi ili tu kuuliza, "Binti yangu Chapu yupo?" Bosi alianza kusimama nyuma ya kiti cha Chapu. Mkufunzi, mkavu wetu yule, siku moja alitabasamu.

Tuuite kwa jina lake: ulikuwa wivu. Kuna watu wakiona wivu hujidanganya kwamba ni uchovu, au ni njaa, au ni jua kali. Mama Pacha hakujidanganya. Roho ilimuuma na alijua inauma wapi. Alimwonea wivu kwa vidole vyake, kwa kicheko chake, kwa ile namna ya kukosea bila aibu na kurekebisha bila kinyongo. Alimwonea wivu hata kwa viatu, maana vilikuwa bado ni vyake yeye Mama Pacha, na vilimpendeza zaidi mwingine.

Na nyumbani hakukuwa na pa kukimbilia. Chapu aliishi nao. Jioni mumewe alikuwa akivua koti na kuuliza, "Haya, wataalamu wangu, leo mmejenga nini?" Kabla Mama Pacha hajameza tonge, Chapu ameshaanza kusimulia, na mume anacheka mpaka anashika ubavu. Mapacha ndio usiseme. Shangazi aliwatengenezea mchezo mdogo wa kubonyeza puto kwenye simu, basi ikawa shangazi huku, shangazi kule.

"Huyu mdogo wangu ana akili jamani," mume alisema siku moja. "Sijui kazitoa wapi."

"Kwa mama," Chapu alijibu. "Wewe ulipozaliwa zilikuwa bado hazijafika."

Wakacheka wote. Mama Pacha akacheka pia, tena kwa sauti, kisha akainuka kwenda kuosha sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia. Mumewe alimfuata jikoni, akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Alikuwa mume mwema, na wema wake ulimkera, maana hata wa kugombana naye hakumpata.

Basi sasa sikiliza utaratibu wa mkufunzi, maana ndio uliozaa balaa. Alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: hakuna kazi inayoingia kwenye mfumo mpaka jicho la pili limeisoma. Ukimaliza kuandika ukurasa wako, unamtumia mwenzako. Anausoma mstari kwa mstari, anaandika pembeni alichokiona, anakurudishia. Akiridhika, anabonyeza palipoandikwa *Nimekubali*, na hapo tu ndipo kazi yako inaungana na ya wengine. Kazi ya Dereva aliisoma mkufunzi mwenyewe, kwa sababu, alisema, hiyo ilihitaji jicho la pili, la tatu na miwani. Mawifi wakapewa kusomana.

Mama Pacha alisoma kazi za Chapu kama mama mkwe anavyokagua nyumba ya mkamwana. Hakuacha kitu. Hapa mtu akiandika herufi mahali pa idadi itakuwaje? Hapa akibonyeza mara mbili, si ataagiza mara mbili? Hapa mtu akiacha kazi na kurudi baada ya chakula, ukurasa utamkumbuka? Mengine yalikuwa makosa ya kweli, mengine alitafuta kwa kurunzi. Ilikuwa ndiyo raha yake pekee ya siku. Na kila mara Chapu alirekebisha yote, bila kununa, akamrudishia na kaneno kadogo: "Asante wifi, wewe si mtu, wewe ni chujio." Mama Pacha alilisoma neno lile mara mbili mbili akitafuta kejeli ndani yake. Hakuiona, na hilo nalo likamuudhi.

Zikabaki siku chache kufikia onyesho. Bosi aliwaalika wakuu wa manunuzi wa hospitali mbili kubwa waje wauone mfumo kwa macho yao, na ilijulikana kwamba baada ya siku hiyo kiongozi wa dawati atatajwa. Ukurasa wa mapokezi ya mizigo ulikuwa wa Mama Pacha. Ukurasa wa maombi na idhini, ambao ndio moyo wa mfumo wote, ulikuwa wa Chapu.

Mchana mmoja Mama Pacha alikuwa akipita kwenye ushoroba na kikombe chake cha chai. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi kama kawaida. Ndani walikuwamo watu wawili, bosi na Chapu. Bosi ameshika futi ya kupimia, na Chapu ameweka mkono ukutani.

"Ubao ukae huku," Chapu alikuwa anasema. "Huko mwanga utawaumiza macho."

"Na meza?" bosi akauliza.

"Meza mgongo kwa dirisha. La sivyo mtu atashinda anaangalia magari."

Mama Pacha alikuwa ameshaipanga meza ile kichwani mwake, uso kwa dirisha. Alisimama kidogo, chai ikampoa mkononi, kisha akarudi alikotoka. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekwisha. Meza imepangwa, aliyeipanga amejulikana, lililobaki ni jina tu.

Saa ile ile, kana kwamba shetani alikuwa na zamu, kwenye kompyuta yake ukaingia ukurasa wa Chapu wa maombi na idhini. Pembeni ameandika: "Wifi, hii ndiyo ya mwisho kabla ya onyesho. Ichuje."

Aliisoma. Ilikuwa nzuri, na uzuri wake ulimchoma. Mtu anaomba vifaa, ombi linakwenda kwa mkubwa wake, mkubwa anakubali au anakataa, ghala linapata taarifa. Msimbo ulikuwa mfupi na safi, mistari michache mahali ambapo yeye angeandika ukurasa mzima. Kisha akafika mahali pa kukubali, akasimama.

Ukurasa ulimuuliza mtu swali moja tu: wewe ni mkubwa wa idara? Akisema ndiyo, ulimruhusu kukubali ombi. Haukumuuliza swali la pili: je, ombi hili si lako mwenyewe? Maana yake mkubwa yeyote angeweza kuomba vifaa asubuhi, akajikubalia mwenyewe asubuhi hiyo hiyo, akajichukulia. Kosa la kawaida, la mstari mmoja. Lakini katika kampuni yenye ghala lililojaa mali, lilikuwa ni sawa na kufunga mlango kwa kufuli na kuacha ufunguo unaning'inia.

Vidole vyake vilianza kuandika vyenyewe, kwa mazoea: *Wifi, hapa mtu anaweza kuji...*

Akaacha. Akaangalia yale maneno. Upande wa pili wa meza Chapu alikuwa amerudi, amevua vile viatu, anamwonyesha Dereva jambo kwenye simu, wanacheka kwa kujizuia kama wanafunzi. Mama Pacha akafuta herufi moja baada ya nyingine mpaka pembeni pakabaki peupe. Akabonyeza *Nimekubali*.

Hoja alikuwa nazo tele. Mimi sikuandika. Mimi sikuharibu. Mtu mwenye akili kiasi kile hahitaji kuchungwa. Aliyeko juu mngoje chini. Ndiyo, hata methali aliipata. Wivu haujawahi kukosa methali.

"Umemaliza mara hii?" Chapu aliuliza, ameshangaa. "Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu."

"Wewe!" Chapu akarusha mikono juu. "Dereva, umesikia? Wifi yangu hajaona kosa! Leo nimehitimu."

Akaja akamkumbatia kwa nyuma, shavu kwa shavu, kiti kikalia. Mama Pacha akakaa ametulia kama anachomwa sindano.

Siku ya onyesho, Ijumaa, walijaa kwenye chumba cha mikutano. Bosi mbele, wageni wawili wa hospitali pembeni yake, mmoja mwanamume mnene mwenye tai, mwingine mama wa makamo aliyekuwa muuguzi zamani na bado alikuwa na macho ya wodini. Mkufunzi alisimama ukutani. Ukurasa wa Dereva wa kutafuta vifaa ulikwenda salama, na yeye mwenyewe akashangaa. Ukurasa wa Mama Pacha wa mapokezi ulikwenda salama, polepole, bila doa. Mama wa wodini akatikisa kichwa kukubali. Kisha Chapu akasimama.

Aliwashika wote. Alieleza kama anasimulia hadithi, na yule mwenye tai akacheka mara mbili kabla ombi la kwanza halijakubaliwa. Mama Pacha akaanza kutumaini kwamba hakuna atakayegundua. Halafu akaanza kuogopa kwamba hakuna atakayegundua. Yote mawili yalikuwa moyoni mwake kwa wakati mmoja, na alishindwa kujua lipi analiombea.

"Nani angependa kujaribu?" Chapu akauliza.

Mzee wa Ghala alikuwa ameshasimama. "Hebu nione mimi. Mkikubalika kwangu mmekubalika kote."

Akaketi kwenye kompyuta, akaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje. Akaomba katoni mia mbili za glovu. Ombi likatokea ukutani, kubwa, kila mtu analiona. Mzee akalitazama. Chini yake palikuwa na kitufe cha kukubali, kinamng'aria. Akakibonyeza.

*Ombi limekubaliwa.*

"Haa!" Mzee akapiga paja. "Nimejiomba, nimejikubalia! Mfumo mzuri huu. Niwekeeni na nyumbani, mke wangu asijue."

Chumba kikaangua kicheko. Mama wa wodini peke yake hakucheka. Akamgeukia bosi na kusema taratibu, "Kwetu mtu aliwahi kufanya hivyo na dawa." Kicheko kikafa hapo hapo.

Chapu alikuwa anatazama ukuta. Rangi ilimtoka usoni, na Mama Pacha, aliyekuwa ameingoja picha ile kwa siku kadhaa, aliitazama na hakupata utamu wowote.

"Kosa ni langu," Chapu akasema. "Ukurasa hauulizi kama mwombaji na mkubaliji ni mtu mmoja. Nimesahau. Samahani sana."

Mkufunzi akajitoa ukutani. "Nani alikuwa jicho la pili?"

Mama Pacha hapo ndipo alipouona mtego, na akaona umesukwa kwa mkono wake. Akisema aliona, yeye ni mtu wa namna gani? Akisema hakuona, miezi yote ile ya kutoacha kitu imekwenda na maji.

"Mimi," akasema. "Sikuona."

Mkufunzi akamtazama kwa muda. Usoni kilimpita kitu kama mtu aliyefungua kabati akakuta alichokiweka hakipo.

"Haiwezekani," Chapu akadakia, amemgeukia mkufunzi. Sauti yake ilikuwa kali. Mtu angedhani anatetea roho. "Samahani mwalimu, msimlaumu wifi yangu. Huyu hakosi kuona. Huyu anaona koma iliyolala upande. Mimi aliwahi kunirudishia ukurasa kwa sababu neno moja lilikuwa na nafasi mbili. Kitu kama hiki, kikubwa hivi, hawezi kabisa kukipita, labda..."

Akanyamaza. Alikuwa bado amemwelekea mkufunzi, mkono hewani, mdomo wazi kidogo. Kisha akageuka polepole, akamwangalia Mama Pacha. Mama Pacha akaangalia meza.

"Labda alichoka," Chapu akamalizia, sauti imeshuka. "Nilimletea kazi nyingi kwa siku moja. Naomba muda wa chai tu, nitaurekebisha."

Aliurekebisha. Watu walipomaliza chai, Mzee wa Ghala alijaribu tena kujikubalia, mfumo ukamkatalia, akaulaani kwa furaha. Mama wa wodini akasema kampuni inayoonyesha kosa lake na kulitengeneza mbele ya mgeni anaiamini kuliko isiyo na kosa. Kwa hiyo hata uharibifu wenyewe haukuharibu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu aliingia akakuta hata maji hamna.

Wageni walipoondoka, Mama Pacha alishuka ngazi kwenda kwenda tu, hajui wapi. Chuma kikalia nyuma yake. Hakuhitaji kugeuka, alizijua zile hatua.

"Uliona?" Chapu akamuuliza.

Angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa limeshatumika mara moja, na la pili huwa jepesi. Lakini walikuwa wawili tu, na chini yao vijana wa ghala walikuwa wanasukuma mikokoteni.

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilikuonea wivu. Bado nakuonea. Nikikuangalia roho inaniuma, ndiyo ukweli wenyewe." Akashika reli ya ngazi. "Nilikitaka kile chumba kabla hujajua kama kipo."

Chapu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye kipandio, akavua kile kiatu cha kulia, akakisugua kisigino kama kinamuuma.

"Unajua kwa nini mimi naandika haraka?" akasema mwishowe. "Watu wanadhani ni akili. Wifi, dukani kwangu sikuwa hivi. Nilikuwa nahesabu nakala mara tatu, mwoga, mpaka wateja wananikimbia. Hapa nilipoona unavyosoma, nikajisemea, basi, mimi nikimbie tu. Nikianguka, wifi yangu yupo. Nilikuwa siangalii nyuma kabisa." Akavaa kiatu. "Haraka yangu ilikuwa ni wewe."

Mama Pacha akakiangalia kile kiatu, ambacho kilikuwa chake.

"Kaka sitamwambia," Chapu akasema, akinyanyuka. "Wala usinishukuru. Ni kwa ajili ya watoto."

Jumatatu bosi aliwaita. Kwa ile sauti yake ndogo alimtaja Chapu kuwa kiongozi wa dawati la mfumo. Kisha, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuficha wala ya kuzunguka, akamgeukia Mama Pacha. "Mkufunzi alikuwa amependekeza wewe, mama. Alisema mwepesi tutampata popote, lakini jicho hatutalipata. Watu walidhani nimeshachagua, lakini Chapu nilimwita kwenye kile chumba kwa ajili ya ubao tu. Aliwahi kupanga duka. Baada ya lile la Ijumaa, mkufunzi ameondoa pendekezo lake." Alikuwa hana ubaya wowote usoni. Alikuwa anatoa taarifa.

Mama Pacha akasema asante. Hakuna aliyejua anashukuru nini, hata yeye.

Mkufunzi akasema sasa kila mtu achague mwenyewe jicho lake la pili, maana yeye mkataba wake unakwisha. Dereva akaangalia dari. Mama Pacha akaangalia viganja vyake, akijua jina lake halitatajwa, na akijua ni haki.

"Mimi namchukua wifi," Chapu akasema.

Mkufunzi akainua nyusi. "Una hakika?"

"Hakuna anayeona kama yeye. Hilo sina shaka nalo."

Dereva akacheka akidhani ni utani wa mawifi. Hakuwa na habari.

Kazi ya kwanza ilimjia siku ya pili yake: ukurasa wa kurudisha vifaa vilivyoharibika. Pembeni hapakuwa na kaneno kokote. Mama Pacha akaisoma kwa makini kuliko alivyowahi kusoma kitu. Mstari wa kwanza, wa pili, chini mpaka mwisho. Akaanza upya. Mtu akiacha idadi wazi? Limeulizwa. Akibonyeza mara mbili? Limezuiwa. Akirudisha kitu ambacho hakukichukua? Limefikiriwa, tena vizuri. Aliutafuta mwanya kwa saa nzima, safari hii si kwa chuki, bali kwa njaa kabisa, apate angalau neno lenye nafasi mbili, apate kitu cha kwenda kumwambia. Hakukuwa na kitu.

Akainuka, akatembea mpaka kile chumba, akasimama mlangoni chini ya jina ambalo halikuwa lake. Chapu alikuwa anaandika, mgongo kwa dirisha. Alikuwa anaandika polepole.

"Nimeisoma," Mama Pacha akasema. "Sijaona kosa."

"Najua," wifi yake akajibu, bila kuinua macho. "Nimeshaangalia mwenyewe."